Hujanitajia Mama Anselmi

Tabora, 5 Februari 1984

Mdogo wangu Seifu,

Assalaam alaykum. Huku tuko salama, wakubwa kwa wadogo, labda uchovu wa foleni tu. Shemeji yako reli imemwondoa kwenye mabehewa na kumweka karakana, kwa hiyo siku hizi analala nyumbani kama waume wengine na mgongo wake umepata nafuu. Watoto wanakua, viatu vyao ndivyo havikui. Sabuni tunaisikia redioni.

Sasa nikueleze kilichonikalisha chini niandike. Ijumaa iliyopita kijana mmoja wa msikiti wetu alikuja na redio kaseti, akasema, "Mama, njoo umsikilize shehe wa Kariakoo anayewashinda wahubiri kwa Biblia yao wenyewe." Nikasikiliza nikiwa napepeta mchele. Ghafla nikaweka ungo chini. Nikamwambia shemeji yako, "Sauti hii mimi naijua, ilikuwa ikilia njaa mapajani mwangu." Akanicheka. Ulipojitaja jina mwenyewe, akasogeza kigoda karibu na redio.

Nimefurahi mno, Seifu. Nimemkumbuka marehemu mama. Nimekumbuka na siku ile tulipotoka kumzika, wewe hata siku arobaini hujafikisha, umelia mpaka sauti imekatika. Mzee Rajabu mwenye nyumba akatoa shauri upelekwe Kilwa kwa jamaa zetu. Mama Anselmi akatoka chumba cha mbele yetu, Anselmi wake akiwa mgongoni, akasema kwa Kiswahili chake kile cha Kibosho, "Afie njiani? Nileteeni hapa." Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapokea, huyu akishiba nampa yule. Mchaga na Mzaramo kwenye ziwa moja, na baba amesimama mlangoni.

Nimempa mkaguzi wa treni chupa mbili za asali ya huku. Moja yako na Sitara. Nyingine ni ya Mama Anselmi kwa kile kifua chake. Mwambie asiipikie chai ya wateja, namjua.

Mbona barua yako ya mwisho haikuwa na salamu zake? Kila mara yeye hukuambia uandike neno lake pale chini.

Dada yako,
Kuruthumu


Dar es Salaam, 11 Machi 1984

Kwa dada yangu mpenzi Kuruthumu,

Shikamoo. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, nakujulisha kuwa barua imefika na asali imefika. Sitara anailamba kwa ndimu, maana yu mjamzito, miezi inakwenda vizuri, alhamdulillahi. Mjini hali ni ileile. Tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na tunashukuru. Mzee Rajabu miguu inamsumbua.

Dada, kanda uliyosikia ni ya siku za mwanzo. Ungeona sasa! Kila Jumapili alasiri tunakuwa kwenye kiwanja cha Jangwani, kando ya Msimbazi. Napanda juu ya meza, Qur'ani mkono wa kuume, Biblia mkono wa kushoto, na watu wanajaa mpaka barabarani. Wanakuja wachukuzi wa soko la Kariakoo na magunia yao mabegani. Wanakuja mafundi, wauza mitumba wa Mchikichini, hata makarani wa Mchafukoge walio na tai. Wahubiri wa upande wa pili nao wanakuja na wasomi wao, tunaulizana, tunajibizana, na askari wamesimama tu.

Labda wewe utanielewa. Umekulia hapa. Unajua kijana wa Kiislamu wa mtaa huu alivyokuwa akiinamisha kichwa. Shule kaikosa, ofisini anafagia, dukani anabeba. Amezoea kuambiwa kwamba dini yake ni ya watu wasiojua kitu. Sasa anasimama mbele ya msomi, anafungua kitabu cha msomi mwenyewe, anamwonyesha mstari. Dada, wanatembea wameinua shingo. Mtu mmoja kuli, mtu mzima, alinishika mkono akalia. Aliniambia, "Shehe, leo nimekuwa mtu." Nitaiachaje kazi hii?

Sitara anakusalimu. Mzee Rajabu anakusalimu, na Sabaha wa chumba cha uani. Wapangaji wengine wote hawajambo.

Ni mimi nduguyo,
Seifu


Tabora, 22 Aprili 1984

Seifu mdogo wangu,

Salaam. Tumezima redio za muziki huku kwa msiba wa Waziri Mkuu, mji mzima kama umemwagiwa maji. Mungu atupe subira. Watoto walikuwa na surua, imepita.

Nimefurahi kwa mimba ya Sitara. Mwambie asinyanyue ndoo. Na niliyosoma kuhusu yule kuli yameniingia. Endelea, na Mungu akupe ulimi mwema.

Ila nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya tatu nikampa shemeji yako asome kwa sauti, nikidhani macho yangu yameanza kuzeeka. Asali imefika, umesema. Chupa zilikuwa mbili. Mama Anselmi ameipata? Kifua chake kikoje masika haya? Anselmi ameoa au bado anazungushana na yule binti wa Marangu?

"Wapangaji wengine wote hawajambo." Tangu lini Mama Anselmi amekuwa mpangaji mwingine?

Nijibu hilo tu.

Kuruthumu


Dar es Salaam, 17 Juni 1984

Dada yangu Kuruthumu,

Shikamoo sana. Usinilaumu kwa kuchelewa, nimekuwa na safari za Morogoro na Tanga, huko nako wametuita.

Habari kubwa ni njema. Sitara amejifungua salama, mtoto wa kike, na tumempa jina la marehemu mama yetu, Mwanamkuu. Ana nywele nyingi na paji la uso la baba. Anapolia nyumba nzima inajua. Akika tulifanya kidogo tu, unajua hali ilivyo, lakini watu walikuja wengi, mpaka mashehe wa mitaa mingine. Sitara hana nguvu sana ila anaendelea vizuri. Nimemtafutia mwanamke wa Gerezani, mcha Mungu, anakuja kumkanda na kumwogesha mtoto.

Kiwanja kinazidi kujaa. Tumepata kipaza sauti kipya.

Uliuliza habari za Mama Anselmi. Amehama. Amerudi kwao Kibosho. Watu huhama, dada, na mjini maisha yamekuwa magumu kwa kila mtu.

Mwombee dua Mwanamkuu mdogo.

Nduguyo,
Seifu


Tabora, 29 Julai 1984

Seifu,

Nimepokea habari za mtoto. Nimesema alhamdulillahi, nikapika wali, nikawagawia watoto wa jirani. Mungu amkuze. Hayo yamekwisha.

Sabaha ameshuka huku na treni, ameleta vitenge vya kuuza, amelala kwangu. Siku ya kwanza nilimuuliza kuhusu Mama Anselmi akajifanya hasikii. Siku ya pili akaanza kulia kabla sijamuuliza. Ninayoyaandika ni maneno yake. Kama amesema uongo, niambie.

Anasema tangu siku ya kwanza ulipopanda juu ya ile meza, Mama Anselmi alikuwa akija Jangwani. Anatoka kanisani Msimbazi, anapita nyumbani kuchukua birika la maji, anakuja kusimama nyuma na wanawake akungoje ukaukwe na koo. Wanawake wakamuuliza, "Wewe si Mkristo? Hayakuchomi maneno haya?" Akawajibu, "Yananichoma. Lakini mtoto anajua kusema, hamsikii?"

Jumapili moja ulikuwa ukisomesha habari za vyakula. Ukasema anayetaka radhi za Mungu asile kwenye chungu cha mtu asiyeswali. Kijana mmoja akapaza sauti, "Shehe, mbona tunaambiwa wewe mwenyewe umenyonyeshwa na mama wa Kichaga pale mtaa wa Sikukuu? Ni kweli?" Watu wakacheka. Wale wahubiri wa upande wa pili wakacheka zaidi. Sabaha anasema Mama Anselmi alijitengeneza kanga kichwani, kama mtu anayengoja kutajwa.

Ukasema, "Huo ni uzushi. Yule ni mpangaji mwenzetu tu."

Watu wakapiga takbiri. Yeye akayamwaga yale maji pembeni, taratibu, yasimrukie mtu, akarudi nyumbani.

Kesho yake akapika kama kawaida, ugali na maharage na dagaa, akakaa barazani kuwangoja makuli wake. Hakuja mtu. Watu aliowalisha tangu wakiwa hawana nauli ya kurudi makwao walipita ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu akawaita watoto wa nyumba wale bure, chakula kisiharibike. Mama zao wakatoka wakawavuta mikono. Sabaha anasema hata yeye alimvuta wake, na hapo ndipo alipolia sana.

Hukutoka chumbani, Seifu? Hukuona sufuria zimejaa?

Sitara alipojifungua, Mama Anselmi alichemsha maji ya kumkanda mzazi. Akayaweka mlangoni, akabisha hodi. Ukatoka wewe. Ukamwambia, "Ahsante, tumeshapata mtu." Wiki ile ndiyo aliyofunga mizigo.

Sikusoma sana, lakini baba alitusomesha wote wawili kwenye mkeka mmoja. Alitufundisha kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Nyama tulichinja wenyewe, Mzee Rajabu ndiye aliyekuwa akimchinjia kuku wake Mama Anselmi, unajua vizuri, wewe ndiye uliyekuwa ukishika miguu. Baba alitufundisha pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona Bi Halima aliyemnyonyesha alimtandikia nguo yake mwenyewe akalie. Hakuwauliza watu kwanza kama watacheka.

Mimi nilikubeba nikakupeleka kwenye ziwa lile kwa mikono yangu hii. Ukisema ni uzushi, basi na mimi ni mzushi.

Dada yako,
Kuruthumu


Dar es Salaam, 23 Septemba 1984

Dada Kuruthumu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana. Sote wazima. Mwanamkuu anageuka kifudifudi.

Sabaha hakusema uongo. Lakini Sabaha alikuwa upande wa wanawake, hakuwa juu ya meza. Wewe ulikuwa Tabora. Hukuwapo, dada. Mbele yangu kulikuwa na watu kama mchanga, na mstari wa mbele wamekaa wasomi wa upande wa pili na kalamu zao, wananingoja niteleze. Ningesema "ndiyo, ni mama yangu," wangeondoka na neno hilo moja mtaa mzima. Wale makuli waliojifunza kuinua shingo wangechekwa siku ile ile. Nilikuwa na pumzi moja ya kujibu. Nilijibu kwa ajili ya kazi.

Na suala la chakula lina maelezo yake. Mashehe wakubwa wamelieleza, kuna habari ya chinjo, kuna habari ya najisi. Sikuwaambia watu wamtenge mtu. Nilisema jambo kwa ujumla, wakalipeleka walikolipeleka.

Hata hivyo usidhani nimekaa tu. Nilikwenda Mchafukoge kumtafuta Anselmi kwenye lile duka la vifaa vya baiskeli anakofanya kazi. Nilimkuta nyuma ya kaunta. Nikamwambia, "Ndugu yangu." Akaniangalia akasema, "Karibu, shehe. Nikupe nini?" Nikamwambia sikuja kununua, nimekuja kumuuliza mama hajambo. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, akasema, "Mama yupi? Mpangaji mwenzenu?" Kulikuwa na wateja, dada. Nikatoka.

Mtu niliyekula naye, nikalala naye kitanda kimoja, tukapigwa fimbo moja kwa kuiba maembe ya sokoni. Biblia ninayosomea pale kiwanjani ni yake. Aliniazima mwenyewe nilipoanza, akanionyesha jinsi ya kutafuta sura.

Sitara hazungumzi nami sana. Juzi aliniuliza, "Mwanamkuu akikua akitaka kujua nani alimnyonyesha baba yake, nimjibu nini?"

Seifu


Tabora, 14 Oktoba 1984

Seifu,

Wote wazima.

Umeniandikia kurasa mbili kunieleza kwa nini. Sikukuuliza kwa nini. Mama ana kifua, kule Kibosho kuna baridi, na mwenye kosa huenda kwa aliyekosewa kwa miguu yake, hata akiwa shehe.

Nenda. Mchukue Sitara na mtoto. Usiniandikie mpaka urudi.

Kuruthumu


Dar es Salaam, 20 Januari 1985

Dada yangu,

Shikamoo. Tumerudi salama. Mtoto alitapika kidogo njiani, sasa hajambo.

Sikwenda upesi kama ulivyotaka. Novemba nilisema nina mihadhara. Desemba nikasema mabasi yamejaa watu wa Krismasi. Sitara akafunga mfuko wake mwenyewe akasema, "Mimi nakwenda, wewe utakuja ukimaliza kazi." Ndipo nikaenda.

Kutoka Moshi tulipanda gari la mizigo, kisha tukatembea kati ya migomba. Tulimkuta anatoka zizini, amebeba majani ya ng'ombe. Amekonda, dada, na kikohozi chake tulikisikia kabla ya kumwona. Alipotuona aliweka majani chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Karibu, shehe. Karibu, Mama Mwanamkuu."

Nilidhani ananisuta. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anaongea nami kama unavyomwamkia mgeni mheshimiwa wa mtu mwingine. Akanitolea kiti chenye mgongo. Mwenyewe akasimama.

Nikamwambia, "Mama, kaa."

Akasema, "Niko sawa, shehe."

Sitara akampa mtoto. Akarudisha mikono nyuma. Akasema, "Natoka zizini, nitamchafua." Sitara akamwambia hakuna neno. Akasema, "La, la, mmelala njiani, pumzikeni kwanza." Hakumshika.

Kisha akatoka, tukasikia anaongea na mtu. Alikuwa amemwita mwalimu mmoja Mwislamu anayekaa kule chini barabarani aje kumchinja jogoo. Alipoingia na chakula aliniambia, tena kwa upole kabisa, "Kula bila wasiwasi, shehe. Amechinja mwenzenu. Sufuria nimeazima kwa mke wake, na sahani pia ni zao. Hakuna kilichotoka jikoni kwangu ila moto."

Nikala. Ningefanya nini? Nilikula, naye amesimama mlangoni ananiangalia, na Sitara analia ndani ya ushungi.

Nilipomaliza nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, nilikukana. Nisamehe." Akaniambia niinuke upesi, watu wasione. Akasema, "Nilikusamehe palepale kiwanjani, hata hujashuka kwenye meza. Ulikuwa unatetemeka mguu. Unatetemeka mguu tangu mdogo ukisema uongo. Nilisema, maskini, wamembana."

Nikamwomba arudi Dar. Nilimwambia chumba kipo, Mzee Rajabu hajakipangisha, anamuulizia. Akasema, "Nguvu zangu zote nimezimalizia Kariakoo. Nimezika mume pale. Nilikuwa najua pale nyumbani, hata nikifa wakati Anselmi yupo safari, mtanifunika. Sasa nikirudi nitakuwa napika huku najiuliza nani atavuka ng'ambo. Hapana, mwanangu."

Alisema mwanangu, dada. Nadhani lilimponyoka, maana aliinama akaokota sahani. Halafu akasema, "Lakini usiniite mama mbele za watu. Kazi yako itaharibika, na ile kazi unaiweza."

Alasiri nikatoka nje kuswali. Nilipotoa salamu, nikageuza shingo, nikaona ndani kupitia dirishani. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, Mwanamkuu juu yake. Alikuwa anamnusa kichwa. Anamwimbia kwa Kichaga, anamkanda mbavu kwa kidole gumba kama afanyavyo, na mtoto anacheka. Nilikaa kwenye mswala mpaka miguu ikafa ganzi. Nikakohoa kabla ya kuingia, ili asishtuke. Nilipoingia mtoto alikuwa ameshamrudisha kwa Sitara, na yeye amesimama.

Tulilala, tukaondoka asubuhi. Alitusindikiza mpaka barabarani. Hakunishika mkono.

Dada, nimesamehewa, na sijui niende wapi na msamaha huu. Niambie nifanye nini.

Seifu


Tabora, 17 Februari 1985

Seifu mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako alinisomea barua yako. Alipofika pale dirishani akashindwa, nikaisoma mwenyewe.

Nilikuwa nimekukasirikia, sasa nakuonea huruma tu, na huruma inauma zaidi. Unaniuliza ufanye nini kana kwamba hujui. Alikusamehe peke yake, kimya, kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini ulimkana mbele ya watu, na wale watu bado wanaamini ulichosema. Makuli bado wanadhani walikuwa wakila najisi. Nenda kwenye meza ileile.

Alikuambia usimwite mama mbele za watu. Mtoto mwema hutii, lakini si kila neno.

Siwezi kukuahidi kwamba itamrudisha.

Dada yako,
Kuruthumu


Dar es Salaam, 12 Mei 1985

Dada yangu Kuruthumu,

Shikamoo. Mvua zimekuwa nyingi, Msimbazi umefurika mpaka Jangwani, kiwanja kimekuwa bwawa. Mwanamkuu anasimama akishika ukuta. Sitara ameanza kunitania tena. Mzee Rajabu tumemzika wiki iliyopita, Mungu amrehemu. Kwenye maziko Anselmi alikuja, akabeba jeneza mpaka mlango wa makaburi.

Nilisema, dada. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya mafuriko. Nilipanda juu ya meza, nikaweka vitabu vyote viwili chini. Nikawaambia, "Mwaka jana mtu aliniuliza kama nimenyonyeshwa na mama wa Kichaga wa mtaa wa Sikukuu, nikamjibu ni uzushi. Niliwadanganya. Ni kweli. Anaitwa Celina, ni mama yangu kwa sheria ya dini yangu, na chungu chake ndicho kilichonikuza. Mliacha kula kwake kwa sababu yangu, na dhambi hiyo ni yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa zomeazomea. Hawakuzomea. Walianza kuondoka, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani. Wale wahubiri wa upande wa pili, niliokuwa nikiogopa kicheko chao, nao hawakucheka. Mmoja wao alivua kofia. Yule kuli aliyenililia mwaka jana alinipita bila kunitazama. Wenzangu wa kamati wakazima kipaza sauti, wakaniambia kwa heshima nipumzike kwanza. Tangu hapo sijaitwa. Sasa nasomesha watoto juzuu, barazani kwetu, alasiri.

Sisemi haya ili unionee huruma. Kazi ile naikumbuka kila Jumapili. Ninapomwona kijana anapita na gunia ameinamisha kichwa, najiuliza kama ni mimi niliyemwinamisha tena.

Anselmi alikuwa pale Jangwani. Sikumwona nilipokuwa nasema. Alinifuata baadaye karibu na soko, akasema, "Umechelewa sana, Seifu." Nikamwambia najua. Akasema, "Nitamwandikia." Tukatembea pamoja mpaka kona.

Juzi amekuja mpaka mlangoni. Hakuingia. Aliniambia mama amejibu. Nikamuuliza amesemaje. Akasema mama hakuandika lolote kuhusu Jangwani, wala meza, wala yale niliyoyasema. Aliuliza kama mafuriko yameingia vyumbani. Akaagiza Mwanamkuu asilazwe upande wa dirisha. Na mwisho ameandika, "Anselmi, umesema Seifu amekonda. Mwambie ale."

Hakusema atarudi, dada. Nimemuuliza Anselmi mara mbili, akaitoa barua mfukoni akaisoma yote tena, pale mlangoni, mvua ikimnyeshea. Hakusema.

Nduguyo,
Seifu